Wageni Wasiovua Makoti

Naandika nimesimama. Karatasi iko juu ya kaunta ya jikoni, kando ya chupa ya chai, na kila nikimaliza mistari miwili naenda dirishani kuangalia kama gari la kuondoa theluji limepita. Halijapita. Daktari wa magoti ameniambia nikae, binti yangu Salome ameniambia nikae, na wote wawili nimewaitikia ndiyo. Kwa miaka mingi nimeandika tamthilia za Kiswahili na kuziongoza katika miji hii yetu miwili ya ughaibuni, kwenye kumbi za makanisa, kwenye madarasa ya kukodi, na mara moja kwenye ukumbi wa harusi kule Bloomington wenye zulia nene lililomeza kila neno, na sijawahi kutazama hata mchezo mmoja kwa raha, nimekaa kama watu. Mchezo ukianza natembea nyuma ya watazamaji, ukuta hadi ukuta, mikono mgongoni. Waigizaji wangu walinizoea. Wageni walidhani mimi ni mlinzi, na kuna bwana mmoja aliniuliza choo kiko wapi wakati jukwaani mtu anakata roho.

Sasa Imani, wewe na vijana wenzako mmeniletea ujumbe wa sauti. Nimeusikiliza mara nyingi kuliko ulivyostahili. "Anti, shikamoo. Tumeanza ku-write ile play yetu, tragedy. Iko poa, but tunataka ending yenye twist, like, watu washtuke, nobody sees it coming. Utusaidie please. Na siku ya kwanza tumekuwekea kiti cha mbele kabisa, kina jina lako."

Marahaba. Habari ya kiti tutaizungumza baadaye. Hiyo ya kushtua watu ndiyo iliyofanya chai yangu ipoe. Anayetaka kushtuka aje kwangu asubuhi kabla sijachana nywele, hahitaji kukata tiketi. Tanzia, mchezo wa msiba, si kazi ya kushtua. Ni kazi ya kungojesha. Na ili mtu angoje, lazima ajue anangoja nini.

Kwa hiyo mimi nitafanya kinyume chenu, nitaanza na mwisho. Alikuwapo mwigizaji wangu mmoja, Tabitha, Mkenya wa Bungoma. Jumapili moja alasiri, katika ukumbi mmoja hapa Roseville, yuko jukwaani anaigiza, mama yake mzazi alikuwa ameshafariki huko nyumbani. Watu watatu wakaja kumletea habari, wakakaa safu ya nyuma kumngoja amalize. Mimi nilijua. Baadaye ukumbi mzima ukajua. Yeye akaendelea kucheza. Sasa na nyinyi mnajua, tuone kama mtaacha kusoma.

Mchezo wangu wa kwanza hapa niliuandika kama mnavyotaka kuuandika wenu. Baba anamngoja mwanawe uwanja wa ndege, kapiga pasi shati, kanunua maua, anasimulia kila mtu jinsi kijana alivyo na akili. Kumbe kijana amefariki safarini, na habari hiyo niliificha mpaka sentensi ya mwisho kabisa. Niliringa sana. Nilijua watalia mpaka tuwaletee ndoo. Taa zikazimika, halafu mama mmoja safu ya mbele akauliza kwa sauti kubwa, "Kwani alikufa saa ngapi?" Basi, ukumbi ukageuka mahakama. Mmoja anasema alikufa kabla ya maua, mwingine anasema hapana, wakati wa maua alikuwa bado hewani. Badala ya kulia wakawa wanapiga hesabu. Na bibi mmoja wa Kitanzania, mtu wa heshima zake, akanishika mkono mlangoni akaniambia, "Mwanangu, ungetuambia mapema tungelia vizuri. Mimi nimekaa pale nacheka kama mjinga, kumbe kuna maiti."

Nilirudi nyumbani nimevimba. Nikawaambia wote hawajui sanaa. Aliyenitoa ujinga ni Mzee Kassim, fundi wetu wa taa, mtu wa Tanga, aliyekuwa amefanya kazi hiyo kwenye majumba ya maigizo ya mjini kabla hajaja kuteseka na sisi. Alikuwa mkali, mbishi, na alichukia kutembea kwangu kuliko alivyochukia baridi. "We mama," alikuwa akinipigia kelele kutoka kwenye ngazi yake, "kaa chini, unanipitishia vivuli!" Wiki ile baada ya aibu yangu aliniita tukanywe kahawa.

"Msiba ukitokea, sisi huku tunaambianaje?" akaniuliza.

"Si unajua."

"Najua. Nataka uniambie wewe."

Nikamwambia. Nyinyi pia mmekulia humo, ila hamjawahi kukaa mkautazama. Simu inapigwa: uko wapi, uko kazini, una-drive? Basi park kwanza. Au hakuna simu kabisa. Watu watatu wanakuja mlangoni siku ya kazi, saa ambayo kila mmoja wao angekuwa zamu. Viatu wanavua, makoti hawavui. Mmoja anauliza kama umekula. Mwingine anauliza funguo za gari lako ziko wapi, anazitia mfukoni mwake. Unaanza kuwaletea chai, unawauliza habari za watoto, unazungumza upesi upesi ili wasipate nafasi. Wao wanakuitikia polepole. Mwishowe mmoja anasema, tuombe.

"Haya," akasema Mzee Kassim. "Toka wanagonga mlango mpaka wanasema tuombe, aliyepumua ni nani?"

"Hakuna."

"Na kuna aliyekuwa hajui?"

Nikatikisa kichwa. Akamalizia kahawa yake akasema, "Wape watazamaji habari kabla mwenyewe hajaipata. Halafu kazi yako ni kusimama mlangoni uwazuie wale wageni wasiseme. Wazuie mpaka watu wako wenyewe watake kukupiga." Maneno hayo nimeishi nayo. Sasa yuko Arizona, amekimbilia joto, na kila baridi ikizidi hunipigia kuniuliza tumefika nyuzi ngapi, ili acheke.

Ndipo nikaandika mchezo wa Debora. Debora na mdogo wake Ruti wamegombana. Ruti aliolewa bila kumwambia, na Debora amekula kiapo kwamba hatapokea simu yake mpaka Ruti aje mwenyewe mlangoni apige magoti. Upande mmoja wa jukwaa ni sebule ya Debora, Apple Valley, safi, kila mto wa kochi mahali pake. Upande wa pili ni kitanda cha hospitali, na Ruti yumo. Watazamaji wanamwona. Debora hamwoni. Ruti anapiga, simu ya Debora inaita juu ya meza, Debora anatazama jina, anailaza kifudifudi. Hicho tu ndicho kisa. Wala hakuna aliyeshtuka na lolote, na nimeona wanaume wa miraba minne wametoka pale wanafuta miwani.

Lakini msidhani lilikuja lenyewe. Usiku wa kwanza, samahani, onyesho la kwanza, maana tulicheza alasiri, tulitumia mlio wa simu ambao nusu ya ukumbi walikuwa nao. Simu ya Debora inaita, watu wakaanza kujipapasa mifukoni, na mama mmoja akapokea yake kabisa: "Hello? Niko kwa play." Tukabadilisha mlio. Halafu niliifanya iite mara nyingi mno, nikidhani kila mlio unaongeza presha. Presha ilipanda, ikafika, ikamwagika. Watu wakaanza kucheka, na kijana mmoja akapiga kelele, "Si aweke silent!" Nikaja nikajifunza kwamba mtu huogopa mlio wa simu mara chache tu, na baada ya hapo anauzoea kama wa jirani. Hivyo nilipunguza, na mara ya mwisho, pale ambapo kila mtu amekaza shingo akiisubiri, simu haikuita. Debora anapanga vikombe. Anaitazama simu. Kimya. Hapo ndipo watu walipokuwa wanaumia, kwa sababu walikuwa wametamani simu hiyo inyamaze na sasa imenyamaza.

Na lazima mumpe mtu tumaini. Hili mtalisahau, ninawajua. Mtafikiri tanzia ni giza mwanzo mwisho. Mtu aliyekwisha kata tamaa hangoji kitu, anaangalia saa tu. Mimi nilimfanya Debora, katikati ya mchezo, aifikie simu. Mkono uko juu yake. Ukumbi mzima ulikuwa ukisema, "Pokea! Pokea, mama!" Sisi watazamaji wetu hawajui kunyamaza, na mshukuruni Mungu kwa hilo. Halafu mlango unagongwa, jirani amekuja kuazima sufuria, ana maneno mengi na ya kuchekesha, na watu wanacheka huku wamemkasirikia. Akiondoka, simu imekwisha kuita. Kicheko kile kinalegeza mwili, na mwili ukilegea ndipo unapochomwa vizuri.

Mnataka kipimo? Nyuma ya ukumbi tulikuwa tunauza sambusa. Natembea, nasikiliza watafunaji. Wakitafuna, sina mchezo. Wakiacha sambusa njiani, kati ya sahani na mdomo, ninao.

Na jambo la mwisho la kiufundi, halafu niende kwa Tabitha, maana naona mnapiga miayo. Waambie watu kitakachotokea. Usiwaambie mtu atakipokeaje. Hicho kimoja kibane mkononi mpaka mwisho, kwa sababu hicho hata wewe mwandishi hukijui sawasawa.

Gari la theluji limepita. Limeacha kilima cha theluji mbele ya gari langu. Haya.

Tabitha alikuja kwangu akiwa anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee huko Apple Valley, zamu mbili, na alikuwa na kipaji cha kukutisha. Kasoro yake ilikuwa moja: haraka. Alisema maneno ya Debora kama mtu anayewahi basi. Mimi namwambia taratibu, yeye ananiambia, "Mwalimu, niki-slow down hawa watu watalala. Half yao wametoka night shift." Namwambia, wageni wakifika mlangoni, chukua muda. Mimina chai polepole. Uliza habari ya kila mtoto kwa jina lake. Yeye anamwaga chai nusu kwenye kikombe na nusu kwenye sinia, na msiba umefika na kuondoka kabla watu hawajaukunja uso. Tulizozana miezi. Nilimpenda sana na nilitaka kumfinya.

Mama yake alikuwa mgonjwa. Hilo sote tulijua. Tabitha alikuwa amekwisha kata tiketi ya ndege ya Jumatatu, siku moja baada ya onyesho la mwisho, na mimi nilimwambia aende mapema, tutamtafuta mtu wa kushika nafasi yake, hata mimi mwenyewe nitavaa gauni la Debora, linibane litakavyonibana. Akampigia mama yake mbele yangu, simu kwenye spika. Mama akasema kwa sauti ndogo, yenye kicheko ndani yake, "Maliza hiyo kazi umeanza. Mimi nitakungoja." Tabitha akanitazama, akainua mabega. "Umeskia mwenyewe."

Jumapili ile ukumbi ulijaa. Watu walikuwa wametoka makanisani, wamependeza, na makoti wameyatundika kule kwenye korido mpaka vyuma vikapinda. Simu za waigizaji zote ziko kwenye kikapu nyuma ya pazia, hiyo ilikuwa sheria yangu. Madirisha ya ukumbi yalikuwa na mapazia mafupi, jua la alasiri linaingia pembeni, na Mzee Kassim alikuwa analilaani jua kwenye ngazi yake. Sehemu ya kwanza ilienda vizuri, kwa mwendo wa Tabitha, mbio. Mimi natembea.

Simu ya Debora ilikuwa imeita mara ya pili ndipo mlango wa nyuma ukafunguka. Wakaingia watatu: Mzee Nyongesa, aliyekuwa mwenyekiti wa watu wa Bungoma huku, mkewe, na mchungaji. Wakakaa safu ya nyuma kabisa. Jirani wa kuchekesha akaingia jukwaani kuazima sufuria, ukumbi ukapasuka kwa kicheko, na wale watatu hawakucheka. Ukumbi ulikuwa na joto la kuivisha ndizi. Hawakuvua makoti.

Miguu ilinishika. Nilijua kabla sijajua. Nikamwendea Mzee Nyongesa, nikainama.

"Ni nani?" nikamwuliza.

"Mama ya Tabitha. Leo asubuhi."

"Nasimamisha mchezo."

Akanishika mkono wa gauni. "Mwalimu, ngoja. Ukisimamisha, utamwambia nini mbele ya hawa watu wote? Ndege ni kesho, hakuna ya leo. Mama amelala. Mwache amalize, tutamwambia akishakaa, akishakunywa maji."

"Na kama ingekuwa wewe?"

"Ingekuwa mimi," akasema, "ningetaka hiyo saa moja zaidi."

Sikujua la kufanya. Nawaambia wazi, sikujua. Kusimamisha kulikuwa ukatili na kuendelea kulikuwa ukatili, na jukwaani binti wa watu alikuwa anachekesha watu pamoja na jirani wa sufuria. Nilifikiri kwenda nyuma ya pazia, lakini uso wangu haujui kuficha kitu, angeusoma mara moja. Mke wa Mzee Nyongesa akasogea, akagonga kiti kilichokuwa kitupu kando yake. "Kaa, Mwalimu. Watu wanakuangalia." Nikakaa.

Tungeweza kuificha, sisi wanne. Lakini kuna mtu, na mpaka leo sijui ni nani na nisimjue, alikuwa amekwisha kuiweka habari kwenye kundi la WhatsApp, pamoja na picha ya mshumaa. Niliiona ikiingia ukumbini. Mtu wa safu ya tatu akatazama mapaja yake palipowaka mwanga, akasoma, akainua macho kumtazama Tabitha, kisha akailaza simu kifudifudi. Halafu jirani yake. Halafu mama mmoja wa upande wa dirishani. Safu kwa safu watu walikuwa wanasoma, wanainua macho, wanalaza simu kifudifudi, kama Debora alivyokuwa akifanya tangu mchezo uanze. Hakuna aliyetoka. Hakuna aliyelia kwa sauti. Sambusa zikakoma kutafunwa, na mara hiyo sikufurahi.

Basi fikirini ukumbi ule. Pale mbele Debora hajui kuhusu Ruti, na watu wanajua. Ndani ya Debora kuna Tabitha, naye hajui, na watu wanajua. Hakuna aliyepiga tena kelele za "pokea". Nilikuwa nimetumia miaka kutafuta namna ya kuwabana watu hivyo, na sasa wamebanwa, na ningetoa chochote wafunguliwe.

Na Tabitha, Mungu wangu, akaanza kucheza. Sijui nisemeje. Alitoka na sinia ya chai kwa sehemu ya mwisho na haraka yote ilikuwa imemtoka. Alipanga vikombe kimoja kimoja. Alikifuta kimoja kwa ncha ya gauni, jambo ambalo halikuwamo kwenye mchezo wangu. Aliitazama simu isiyoita mpaka nikasikia mabomba ya joto yakigonga ukutani. Wageni wa kwenye mchezo wakagonga, wakaingia, nao wamevaa makoti, ndivyo nilivyoandika. Debora akasema, "Karibuni, vueni makoti," nao wakasema hapana, hawakai sana. Watu wakaziba midomo. Akamimina chai. Akauliza habari ya mtoto wa kwanza, kwa jina. Akangoja jibu. Akauliza ya mtoto wa pili. Akauliza theluji ikoje kwao, akauliza gari wameliegesha wapi, maneno ambayo sikuyaandika mimi, na waigizaji wenzake wakamjibu kwa kubabaika. Nilikuwa nafikiri moyoni, ameelewa, hatimaye ameelewa nilichokuwa namfundisha. Naona haya kuisema, lakini katikati ya huzuni ile nilijisikia fahari.

Mgeni akasema, "Debora, tuombe." Debora akaweka birika chini. Taa zikazimika.

Makofi yakaanza, na hayakuisha. Kwa kawaida yetu watu wanapiga makofi huku wanatafuta funguo. Siku ile walisimama wote na wakapiga, wakapiga, viganja vikawa vyekundu, na wengine wanalia wazi. Mzee Kassim akawasha taa za ukumbi, akazizima, akaziwasha tena, hajui afanye nini. Mimi pia nilipiga. Kila mtu alijua makofi yakikoma nini kitafuata, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kushusha mikono.

Aliyeyakomesha ni Tabitha. Alikuwa ameinama mara kadhaa na wenzake. Akaja mbele peke yake, akainua mkono. Tukashusha mikono.

"Asanteni," akasema. "Inatosha sasa. Mzee Nyongesa, njoo uniambie."

Jioni ile nyumba yake ilijaa. Viatu na mabuti vilirundikana mlangoni mpaka mlango ukawa haufungi. Watu wa kuimba waliimba, watu wa kupika walipika, na mimi nilikuwa nazunguka jikoni nikiosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa, mpaka aliponiita nikae naye kitandani, chumbani, na sanduku lake likiwa wazi limepangwa nusu. Macho yalikuwa yamevimba. Nikamwomba radhi kwa kumwacha acheze bila kujua.

"Nilikuwa najua," akasema.

"Nani alikwambia?"

"Wewe."

"Mimi? Sijafungua mdomo."

"Ulikaa, Mwalimu. Tangu nikujue, hata siku moja sijakuona umekaa. Nikatoka na ile sinia, nikaangalia pale nyuma huwa unapitanga, hauko. Nikakutafuta. Nikakuona umekaa chini, umetulia kama mtu wa kupigwa picha, na kando yako watu na makoti. Nikajua ni wangu. Wa Bungoma hapo kwa stage ni mimi peke yangu."

Wote mle ukumbini tulidhani tunamtunzia siri, na yeye ndiye alikuwa anatutunzia sisi.

"Sasa mbona uliendelea, mwanangu? Mbona hukusimama?"

Akachukua gauni moja, akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Mama alisema ataningoja nimalize," akasema. "Sasa ningemaliza haraka ya nini?"

Nilikuwa nimewafundisha watu miaka yote ile kuchelewesha, na kumimina chai polepole, na kuuliza habari za watoto kwa majina. Nilidhani ni ufundi wa kuwashika watazamaji. Nililia pale kitandani mpaka yeye mfiwa ndiye aliyeniletea maji.

Kwa hiyo Imani, andikeni mchezo wenu. Kama kuna mtu atakufa, tuambieni mapema, halafu mtuzuie kwa nguvu zenu zote. Nitakuja siku ya kwanza, magoti yapende yasipende, na Salome atanileta kwa gari akinung'unika njia nzima. Ila kile kiti cha mbele chenye jina langu kiondoeni, mpeni mtu mwingine. Mimi nitakuwa nyuma natembea, ili yeyote wenu atakayetazama huko anione natembea.